Kuzima Simuleta: Mstari Mmoja Hautoshi

Leo tuzungumzie jambo dogo sana, dogo kiasi kwamba wengi hulipita bila kulitazama: jinsi ya kuzima simuleta za simu kwa amri moja, na jinsi ya kuandika maelezo ya amri hiyo ili mtu mwingine aitumie bila kuingia matatani. Najua baadhi yenu si waandishi wa programu, mnapita hapa kwa sababu mnapenda kujua vitu vinavyofanya kazi. Msiondoke. Nitaeleza polepole, na nadhani habari hii inamhusu hata yule ambaye hajawahi kufungua terminali maishani mwake.

Kwanza, simuleta ni nini? Ukitengeneza programu ya simu, huwezi kununua kila simu iliyoko sokoni ili uijaribie. Kwa hiyo unatumia simu iliyo ndani ya kompyuta. Inatokea kwenye skrini ikiwa na kioo chake, vitufe vyake na hata saa pale juu, na wewe unaibonyeza kwa kipanya. Android walitoa vifaa vyao vya kwanza vya wasanidi mnamo Novemba 2007 vikiwa na simu ya namna hii ndani yake, karibu mwaka mzima kabla simu ya kwanza ya Android kuuzwa. Apple nao walitoa ya iPhone mwaka 2008.

Hizi mbili hazifanani kwa ndani. Ile ya iPhone inaitwa simuleta kwa sababu haijifanyi kuwa na chipu ya simu. Programu yako inatengenezwa kwa ajili ya prosesa ya Mac yenyewe, kisha inaendeshwa juu ya maktaba za iOS. Ile ya Android inaitwa emuleta, nayo ni kompyuta nzima ndani ya kompyuta: ina mfumo wake kamili, diski yake na kumbukumbu yake iliyotengewa. Katika makala hii nitaziita zote simuleta pale ambapo tofauti haina maana, ili tusichoshane.

Tatizo ni kwamba simuleta ni mgeni asiyeaga. Unaiwasha asubuhi, unajaribu kitu kimoja, unahamia kazi nyingine, na yenyewe inaendelea kula. Tangu Xcode 9 ilipotoka mwaka 2017, Mac inaweza kuwasha simuleta kadhaa za iPhone kwa wakati mmoja, na kila moja ina kundi lake la michakato inayoendelea chini kwa chini. Ongeza emuleta moja au mbili za Android, na kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 8 inaanza kuhema kama matatu kuukuu kwenye mlima. Feni inalia, betri inashuka, na stima ikipotea ndipo utajua umuhimu wa kuzima usichotumia.

Sasa, kuna njia tatu ambazo watu hutumia.

Njia ya kwanza ni kufunga dirisha. Hii inaweza kudanganya. Dirisha la simuleta ya iPhone ni kama pazia, na simu yenyewe inaweza kubaki ikiwaka nyuma ya pazia. Tena simuleta iliyowashwa kwa amri ya

    xcrun simctl boot

inaweza kuwaka siku nzima bila dirisha lolote kuonekana. Ukiangalia skrini utadhani mashine imetulia.

Njia ya pili ni kuua mchakato kwa nguvu. Mtu anaandika kill -9, au killall Simulator, halafu anafurahi. Wa kwanza hauipi programu nafasi ya kujipanga, ni kama kung'oa waya ukutani. Wa pili unaiondoa programu ya dirisha tu, na simu zilizoko nyuma zinaweza kubaki zikiendelea.

Njia ya tatu ndiyo ya haki: kuiambia simuleta yenyewe ijizime. Kwa iPhone kuna chombo kinachoitwa simctl, kilichokuja na Xcode 6 mwaka 2014. Unaanza kwa kuuliza ni zipi zinawaka:

    xcrun simctl list devices booted

Utapata jina la kila moja na kitambulisho chake kirefu, herufi na tarakimu 32 zilizotenganishwa kwa vistari. Unakichukua kitambulisho hicho na kuandika:

    xcrun simctl shutdown KITAMBULISHO

Kwa Android unauliza hivi:

    adb devices

Emuleta zitaonekana kwa majina kama emulator-5554. Ile namba ni mlango wa konsoli yake. Kila emuleta huchukua milango miwili inayofuatana, namba shufwa kwa konsoli na namba witiri inayofuata kwa adb, ndiyo maana ya pili huitwa emulator-5556. Kuizima:

    adb -s emulator-5554 emu kill

Yenyewe ina adabu, inakujibu "OK: killing emulator, bye bye" kisha inaondoka. Simctl haikujibu lolote ikifaulu. Kimya chake ndicho jibu. Hiyo ni desturi ya zamani ya Unix, ambapo programu iliyofanikiwa hainyanyui sauti.

Mpaka hapo ni mambo ya kawaida, unaweza kuyapata popote. Nikirudi kwenye mada yangu, kilichonifanya niandike ni kilichotokea pale ninapofanya kazi.

Sisi ni kikundi kidogo hapa Nairobi. Programu za iPhone hujengwa kwenye Mac peke yake, na Mac si bei ya mboga, kwa hiyo tuna Mac moja ndogo iliyoko kwenye kona, wote tunaingia humo kwa mtandao kwa akaunti moja. Shika neno hilo, akaunti moja. Simuleta za iPhone huhifadhiwa ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji, kila mtumiaji na zake. Kama kila mtu angekuwa na akaunti yake, simuleta zangu na zako zisingekutana. Lakini kwa akaunti moja, zote zimo chungu kimoja.

Kwenye mashine hiyo kulikuwa na zana ndogo inayoitwa zima. Iliandikwa na mwenzetu mmoja aliyekwisha kuhamia kazi nyingine, na kusema kweli ilikuwa skripti safi, mistari miwili ya maana:

    xcrun simctl shutdown all
    adb devices | grep emulator | cut -f1 | while read e; do adb -s $e emu kill; done

Na maelezo yake kwenye faili la maelekezo ya kikundi yalikuwa mstari mmoja pia: "zima: inazima simuleta."

Sasa alikuja mwanafunzi wa chuo kikuu kujifunza kazi kwetu kwa miezi mitatu. Binti makini, anayeandika kila kitu kwenye daftari. Wiki yake ya tatu, simuleta yake ikakwama, skrini nyeusi, haijibu. Akafanya kile ambacho kila mmoja wetu humwambia mgeni afanye: soma maelekezo kwanza. Akasoma. "zima: inazima simuleta." Akaandika zima, akabonyeza Enter.

Simuleta yake ikazimika. Pia zikazimika nyingine tatu, ambazo msimamizi wake alikuwa anaziendeshea majaribio ya toleo lililotakiwa kwa mteja jioni ile. Majaribio yale huchukua dakika 90, na yalikuwa yamefika dakika ya 70.

Sitayasema yote yaliyosemwa. Lakini wale waliopitia mafunzo ya kazi wanajua kwamba kuna daftari la kila siku ambalo msimamizi hutia sahihi, na mhadhiri akija kutembelea hulisoma daftari hilo kabla hata ya kukusalimia. Siku hiyo msimamizi aliandika humo kwamba mwanafunzi si mwangalifu na mashine ya pamoja. Mstari mmoja. Mhadhiri alikuwa anakuja baada ya siku 12.

Binti akaacha kugusa terminali. Kila kitu akawa anauliza kwanza, hata amri ya kuorodhesha faili. Siku moja akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, ile amri nilisoma nilivyoelekezwa. Ilisema inazima simuleta. Nami nilikuwa na simuleta."

Hapo ndipo nilipoona tatizo liko wapi. Kiswahili chetu hakitofautishi simuleta moja na simuleta mia, neno ni lile lile. Kwa Kiingereza mwandishi angelazimika kuchagua umoja au wingi. Sisi tunategemea maneno yaliyo pembeni: hii, hizi, yako, zote. Yule mwandishi wa mstari ule hakuweka neno la pembeni. Yeye alijua anamaanisha zote, kwa kuwa alikuwa na skripti kichwani. Msomaji hakuwa na skripti kichwani, alikuwa na simuleta moja iliyokwama. Wote wawili walikuwa sahihi, na majaribio yakafa katikati yao.

Nikamwendea msimamizi. Si mtu mbaya, ana haraka tu, na mteja alikuwa anampigia simu kila nusu saa. Nikamwambia, "Bosi, soma mstari huu kama hujawahi kuiona hii zana." Akausoma. Akasema, "Lakini kila mtu anajua inazima zote." Nikamuuliza kila mtu ni nani. Tukahesabu: watu watano waliokuwepo mwenzetu alipoiandika. Akasema sawa, kama naona maelezo hayatoshi, niyaandike mimi. Nikakubali, kwa sharti kwamba nikimaliza, ayasome kabla mhadhiri hajafika.

Nilidhani itakuwa kazi ya saa moja. Ilinichukua siku tatu, jioni jioni, na nitawaambia ni kwa nini.

Amri ya kuwasha ni rahisi kuieleza. Ukikosea kuwasha, umepoteza kumbukumbu kidogo, unazima. Amri ya kuzima ina maswali mengi nyuma yake, na msomaji anayeifikia mara nyingi ana wasiwasi, kitu kimekwama na hataki kuharibu zaidi. Nikamwomba yule mwanafunzi aniandikie maswali yote ambayo angetaka kujibiwa kabla ya kubonyeza Enter. Alileta matano. Je, itazima ya mtu mwingine? Je, nimeunganisha simu yangu kwa waya, itaizima nayo? Je, programu niliyoweka ndani ya simuleta itafutika? Nitajuaje kwamba imezimika kweli? Na je, nikiiandika mara mbili kwa bahati mbaya, nini kitatokea?

Maswali mazuri kuliko niliyokuwa nayo mimi. Nikakaa kuyajibu moja moja kwa kujaribu kwenye mashine.

La simu ya waya: amri ya adb devices huonyesha simu halisi pamoja na emuleta, kwa hiyo wasiwasi wake ulikuwa na msingi. Lakini skripti inachukua mistari yenye neno emulator tu, na isitoshe emu kill hutumwa kwa konsoli ya emuleta, ambayo simu halisi haina. Simu iko salama. Ingekuwa mwandishi ametumia

    adb shell reboot -p

basi hadithi ingekuwa nyingine, kwa sababu hiyo inaweza kuzima hata simu ya mkononi ya mtu.

La data: kuzima hakufuti. Simuleta ya iPhone ikizimwa, programu na faili zake hubaki kwenye diski, utazikuta ukiwasha tena. Kinachopotea ni kile kilichokuwa kinaendelea: jaribio lililokuwa katikati, fomu iliyojazwa nusu. Kufuta ni amri nyingine, simctl erase, nayo hata hukataa kufanya kazi kama simuleta bado inawaka. Kwa Android kuna jambo la kuongeza. Emuleta za siku hizi zinaweza kuhifadhi picha ya hali yake na kuanzia pale pale ukiwasha tena. Kama ilikuwa imekwama, unaweza kuirudisha ikiwa imekwama vile vile! Ukitaka ianze upya, iwashe ukiongeza -no-snapshot-load.

La kuandika mara mbili: ukiizima kwa kitambulisho simuleta ya iPhone iliyokwisha kuzimwa, simctl inalalamika kwamba haiwezi kuizima kwa sababu hali yake ni Shutdown. Hiyo si ajali, ni taarifa. Lakini skripti nyingine ikiitegemea amri hiyo, itaona imeshindwa na kusimama. Lazima iandikwe.

Kisha kuna mtego ambao hata sisi wazoefu hatukuwa tunaujua sawasawa. Watu hupenda kuandika

    xcrun simctl shutdown booted

wakidhani maana yake ni zote zinazowaka. Sivyo. Zikiwa zinawaka kadhaa, simctl hujichagulia moja tu. Kwa mashine ya mtu mmoja mwenye simuleta moja ni njia fupi nzuri. Kwa mashine ya pamoja ni bahati nasibu.

Na wale wanaodhani adb kill-server huzima emuleta: hapana, inazima seva ya adb peke yake. Emuleta inabaki ikiwaka, ila wewe huioni mpaka seva ianze tena.

Baada ya hapo nikaja kwenye maneno. Kiingereza cha fani hii hutumia kill, shutdown, erase, delete, close, na watu huyachanganya. Kiswahili kinatupa nafasi ya kuyapanga vizuri tukitaka. Nikaamua hivi: kufunga ni kwa dirisha. Kuzima ni kusimamisha simuleta kwa utaratibu, kila kilichoandikwa diskini kikibaki. Kuua ni kusimamisha mchakato kwa nguvu bila kuuliza. Kufuta ni kuondoa data. Maneno manne, kila moja na kazi yake, na ndani ya ukurasa wangu hakuna moja lililoazimwa kufanya kazi ya jingine. Kuzima ni neno zuri kwa hili. Taa iliyozimwa haijavunjika, unaweza kuiwasha tena.

Mmoja wetu aliuliza kwa nini nisiandike kwa Kiingereza, kwani sote tumesoma sayansi ya kompyuta kwa Kiingereza na tunakielewa. Ni kweli. Lakini mstari wa zamani ulikuwa wa Kiswahili, jina la zana ni la Kiswahili, na pale ofisini kitu kikiharibika tunafokeana kwa Kiswahili. Sioni kwa nini maelezo yawe kwa lugha nyingine. Niliweka tafsiri ya Kiingereza chini kwa atakayeihitaji, na hapo ndipo ule wingi na umoja ulinilazimisha nirudi juu kurekebisha sentensi mbili za Kiswahili. Kwa hiyo lugha zote mbili zilifaidika.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba maelezo yaliibadilisha zana. Nilipofika kwenye sentensi ya "ukiandika zima bila kitu kingine, itazima simuleta zote za watu wote", nilishindwa kuiandika bila kuona aibu kwa niaba ya zana. Kama sentensi ya kweli inatisha hivyo, basi cha kurekebisha si sentensi. Nikaomba ruhusa, tukabadilisha skripti. Ukurasa wa mwisho ulikuwa hivi, nauweka mzima ili mwenye kuutaka auchukue:

JINA
zima: huzima kwa utaratibu simuleta za iPhone na emuleta za Android kwenye mashine hii.

MATUMIZI
zima : huorodhesha zinazowaka. Haizimi kitu.
zima KITAMBULISHO : huzima hiyo moja tu.
zima zote : huorodhesha, huuliza, na ukijibu ndiyo huzima zote, pamoja na za wenzako.

INAGUSA NINI
Simuleta za iPhone za akaunti hii, na emuleta za Android zinazoonekana kwa adb.

HAIGUSI NINI
Simu halisi iliyounganishwa kwa waya. Programu na data zilizohifadhiwa ndani ya simuleta.

KINACHOPOTEA
Jaribio lolote linaloendelea ndani ya simuleta inayozimwa. Halirudi, litaanzishwa upya.

UTAJUAJE IMEFAULU
Andika zima tena. Isipoonekana kwenye orodha, imezimika. Emuleta ya Android inaweza kuchukua sekunde chache kuondoka.

KASORO
Zana hii haijui simuleta ni ya nani. Kabla ya "zima zote", uliza kwa sauti ofisini. Usipopata jibu, usizime.

Hiyo sehemu ya mwisho ilizua mjadala. Bosi alisema haipendezi kuandika udhaifu wa zana yako mwenyewe kwenye maelezo yake. Nikamkumbusha kwamba toleo la kwanza la kitabu cha maelekezo ya Unix, la Novemba 1971, la akina Ken Thompson na Dennis Ritchie, lilikuwa na sehemu ya kasoro kwenye kurasa zake. Walioandika mfumo uliozaa karibu kila kitu tunachotumia leo walikuwa tayari kusema chombo hiki kina tatizo hapa na hapa, jihadhari. Kama wao hawakuona haya, sisi wa skripti ya mistari miwili tunaona haya ya nini? :-)

Ukiangalia vizuri, ile sehemu ya KASORO ndiyo ingemwokoa binti. Amri zile nyingine angeweza kuzigundua polepole. Kwamba zana haijui nani ni mwenye nini, hilo haliwezi kugunduliwa isipokuwa kwa hasara.

Bosi alisoma ukurasa siku mbili kabla ya mhadhiri kufika. Alisoma kimya, akauliza swali moja kuhusu ile -no-snapshot-load, kisha akamwita mwanafunzi na kumwomba daftari. Hakuufuta mstari wake wa zamani. Aliongeza mwingine chini yake, kwamba maelekezo aliyopewa mwanafunzi hayakutosha, kwamba maswali yake ndiyo yaliyotumika kuandika mapya, na akatia sahihi pamoja na tarehe. Mimi nilitaka ule wa kwanza ukatwe kabisa, na nilisema hivyo. Akajibu kwamba daftari ni kumbukumbu ya yaliyotokea, na yote mawili yalitokea. Mpaka leo sikubaliani naye sana, lakini binti mwenyewe alisema imetosha. Mhadhiri alikuja, akausoma ukurasa ule wa daftari, akaomba aonyeshwe zana. Binti akaionyesha mwenyewe kwenye terminali, akianza na zima isiyo na kitu mbele yake.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika zana, hata kama ni skripti ya mstari mmoja ya kuzima taa za ofisi, nawaachia utaratibu mfupi. Mtafute mtu asiyeijua zana, mwombe maswali yake kabla hujaandika. Jibu kwa kujaribu, si kwa kukumbuka. Andika inagusa nini na haigusi nini. Ukiona wingi na umoja vimefanana, ongeza neno la pembeni: hii, hizi, yako, zote. Na ukifika kwenye sentensi unayoona haya kuiandika, simama, urudi kwenye msimbo.

Na ninyi msioandika programu, mkipewa maelekezo ya mstari mmoja, ya dawa, ya mashine ya kufulia, ya mita ya stima, ulizeni: hii ni moja au zote? Anayeuliza hivyo si mjinga, na pengine swali lake ndilo lililokosekana pale juu ya karatasi.

Haya, nazima yangu sasa, betri imebaki kidogo. Nitaanza na orodha kwanza.